Mike Hailwood: bingwa aliyenyimwa ushindi na piesi ndogo

Kila motari wa Goma anajua ile siku: pikipiki imetoka garaje asubuhi, fundi amesema iko sawa, mteja amepanda, halafu shene inakatika katikati ya njia. Hata wakubwa wa mashindano ya pikipiki walipitia hayo. Mmoja wao ni Mike Hailwood, Mwingereza aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1940. Mpaka leo wengi wanamuhesabu kati ya waendeshaji bora waliowahi kuonekana.

Baba yake alikuwa tajiri, muuzaji wa pikipiki, kwa hiyo kijana hakukosa vyombo. Lakini pesa haizuie chuma kuvunjika. Hailwood alijifunza hilo mwezi wa 6 mwaka 1961, akiwa na miaka 21, kwenye kisiwa cha Man, karibu na Uingereza. Mashindano ya kule yanafanyika kwenye barabara za kawaida, katikati ya vijiji na milima, na mzunguko mmoja una kilometa karibu 60.

Siku ya kwanza alishinda mara mbili, na pikipiki za Honda za cc 125 na 250. Siku ya pili ya mashindano alipanda AJS ya 350. Mzunguko wa mwisho ulimkuta yeye ndiye yuko mbele. Ghafla aksi ya pistoni ikavunjika, kile kichuma kidogo kinachoshika pistoni, na mashine ikazima. Phil Read akapita, akachukua ushindi.

Kisha ikafika mbio kubwa ya 500. Safari hii aliyekuwa anaongoza ni Gary Hocking, kijana aliyekulia Bulawayo, katika Zimbabwe ya leo. Pikipiki yake ya MV Agusta ikaanza kumsumbua mpaka akaacha. Nani akashinda? Hailwood, juu ya Norton. Kumbe chuma hakina ndugu: kilimnyang'anya yeye, siku mbili baadaye kikamnyang'anya mwenzake. Hata hivyo, hakuna mtu aliyewahi kushinda mara tatu katika juma moja pale kisiwani mbele yake.

Mwaka 1967 mambo yakarudi vilevile, na pale ubingwa wa dunia wa 500 ulikuwa mezani. Kule Man, Hailwood na Honda yake alikuwa anapambana na Muitaliano Giacomo Agostini wa MV Agusta. Mkono wa gazi wa Honda ukalegea. Hailwood akasimama kuweka mafuta, akaugonga na nyundo, akarudi barabarani akiwa anaushikilia kwa nguvu. Mzunguko wa tano, shene ya Agostini ikakatika. Hailwood akashinda.

Lakini mwezi wa 9, kule Monza, Italia, deni likalipwa. Hailwood alikuwa mbele sana, mizunguko michache tu imebakia, vitesi zikakataa kuingia. Agostini akampita. Mwisho wa mwaka walilingana alama na hata hesabu ya ushindi, na Agostini akawa bingwa kwa sababu alikuwa amemaliza wa pili mara nyingi zaidi.

Hata hivyo Hailwood alipata ubingwa wa dunia mara 9 na ushindi 76 katika mbio za dunia. Baada ya Honda kujiondoa akaingia kwenye magari. Mwaka 1973, kule Kyalami, Afrika Kusini, gari la Clay Regazzoni liligongwa likashika moto, naye akiwa ndani. Hailwood akaacha gari lake, akaingia kumtoa. Nguo zake zikashika moto. Wakamzima, naye akarudi tena mpaka akamvuta mwenzake nje. Serikali ya Uingereza ikamupa nishani ya ushujaa. Mwaka 1978, akiwa na miaka 38, akarudi Man baada ya miaka 11 na kushinda na Ducati.

Mtu huyo hakufa kwenye mashindano. Tarehe 21 Machi 1981, jioni, alitoka na watoto wake wawili kwa gari kununua chakula. Lori likakata njia mbele yao mahali ambapo ilikatazwa kugeuka. Binti yake wa miaka 9 alikufa palepale. Yeye alikufa siku mbili baadaye, na mtoto wa kiume akapona. Dereva wa lori alitozwa faini ya pauni 100.

Aksi, shene na vitesi zilimnyima vikombe, lakini hazikumuua. Aliyemuua ni mtu mwenye mashine nzima, aliyegeuka mahali pasipofaa. Motari, angalia shene kila asubuhi, kaza freni. Kisha, mbele ya kukata njia, angalia pia nani anakuja, kwa sababu ile sehemu hakuna fundi anayeweza kuitengeneza.