Grace Ogot: Kabla ya vitabu na bunge, alikuwa nesi wa Maseno

Jina la Grace Ogot huenda ulikutana nalo darasani, kwenye ile hadithi ya Oganda, binti wa chifu anayetolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe. Ama umewahi kumsikia mzee wa Gem akimtaja kama mbunge wake wa zamani. Yote ni kweli. Lakini kabla ya vitabu na kabla ya bunge, huyu mama alikuwa nesi. Na ukitaka kumwelewa vizuri, anzia wodini.

Alizaliwa Mei 15, 1930, Asembo, kando ya Ziwa Victoria, akaitwa Grace Emily Akinyi. Babake, Joseph Nyanduga, alikuwa mwalimu, mmoja wa watu wa kwanza Asembo kupata elimu ya kizungu. Alikuwa akimsimulia bintiye hadithi za Biblia kwa Dholuo. Nyanya naye alimsimulia ngano za zamani za Waluo. Liweke hilo akilini: msichana mmoja, hadithi za aina mbili, na hakuna aliyemlazimisha atupe moja.

Alisoma Ng'iya, kisha Butere. Mwaka wa 1949 alivuka mpaka kwenda Mengo, Kampala, kusomea uuguzi, akamaliza 1953. Baadaye akaenda Uingereza kuendelea na masomo hayo. Akiwa London alifanya pia kazi BBC, akiandika na kutangaza vipindi vya Afrika Mashariki na Kati. Mwaka wa 1958 alirudi nyumbani, akaanza kazi katika hospitali ya wamishonari ya Maseno, akiwa sista wa wodi na mwalimu wa wakunga.

Maseno unaijua. Ukipanda matatu Kisumu ukielekea Busia, ni pale ikweta inapokata barabara.

Sasa hebu fikiria kazi yenyewe. Mama mjamzito amekwama, daktari anasema lazima apasuliwe. Kwa daktari huo ni upasuaji. Kwa yule mama ni kisu. Kwa mumewe na mama mkwe walioketi kwenye benchi nje, ni swali moja tu: atatoka mzima? Daktari anaingia chumba cha upasuaji, mlango unafungwa. Anayebaki kati ya mlango na benchi ni nesi.

Watu wengi hudhani kuongea na familia ni adabu tu, kitu cha kufanya ukipata nafasi. Sivyo. Chukua mfano wa kufunga kabla ya upasuaji. Mgonjwa hatakiwi kuwa na chakula tumboni, kwa sababu akilazwa usingizi wa dawa, kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Nesi akisema tu "usile" na kuondoka, shangazi atamhurumia mtoto wa watu, atoe thamosi ya uji kwenye kikapu na ampe vikombe viwili kisirisiri. Shangazi hana ubaya, anapenda mgonjwa wake. Lakini ule upendo unaweza kuua. Nesi aliyechukua dakika tano kumweleza sababu, kwa lugha anayoielewa, ameokoa maisha hata kabla daktari hajanawa mikono.

Baada ya upasuaji ni vivyo hivyo. Kuna kupima presha, mapigo ya moyo na joto, na kuangalia kama kidonda kinavuja. Kuna kumhimiza mgonjwa apumue kwa kina ili mapafu yasishikwe na nimonia, na kumwinua mapema atembee kidogo ili damu isigande miguuni. Jamaa wakiona nesi anamwinua mtu aliyeshonwa jana, watasema ni ukatili. Wakielezwa, wao wenyewe watamshika mkono.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna mtu hupenda kulitaja: choo. Mtu aliyepasuliwa hawezi kukimbia msalani. Analetewa chombo kitandani, na kuna mtu lazima akibebe kikijaa. Mgonjwa akiona nesi amekunja uso, ataona aibu kuomba tena. Atajizuia mpaka aumie, ama atajaribu kuinuka peke yake usiku na kuanguka.

Grace Ogot hakuliruka hilo. Katika Land Without Thunder, mkusanyiko wake wa hadithi fupi uliotoka 1968, kuna hadithi iitwayo The Old White Witch. Wauguzi Waafrika katika hospitali ya misheni wanaambiwa wabebe vyombo hivyo. Wanakataa, maana kwao mila hairuhusu, na wanaondoka kazini. Mwandishi angekuwa mtu wa nje, ingekuwa rahisi kuchagua upande: wauguzi ni washamba, ama matroni mzungu ni mkoloni tu. Yeye alikuwa amevaa ile sare, na pia alikuwa binti wa Asembo. Kwa hivyo anakuwekea mezani mambo mawili yenye uzito: heshima ya nesi anayeamrishwa bila kusikilizwa, na mgonjwa aliyelala pale akisubiri. Mwisho wake usome mwenyewe.

Wodi ilimpa kingine pia. Wagonjwa walikuja na dawa ya hospitali mkononi na jina la mganga kichwani, na mvutano huo ulimvutia sana. Ndio uliozaa The Promised Land, riwaya yake ya 1966. Ochola na mkewe Nyapol wanahama Nyanza kwenda Tanganyika kutafuta utajiri. Wanaupata, na jirani mganga anawaonea wivu. Ochola anashikwa na ugonjwa wa ajabu, ngozi inaota kama miiba. Hapo familia inaingia kwenye kizungumkuti ambacho pengine hata nyumbani kwenu mmekipitia: tumpeleke wapi? Ogot hamcheki mtu yeyote hapo. Alijua kwamba jamaa anayeuliza swali hilo ana hofu, na mwenye hofu hasaidiwi kwa kuitwa mjinga.

Riwaya hiyo ilimfanya kuwa miongoni mwa wanawake Waafrika wa kwanza kuchapisha riwaya kwa Kiingereza, mwaka uleule Flora Nwapa wa Nigeria alipotoa Efuru.

Mwaka wa 1959 aliolewa na mwanahistoria Bethwell Ogot, mtu wa Gem, wakajaliwa watoto wanne. Aliwahi pia kuwauguza wanafunzi wa Makerere, akafanya kazi ya maendeleo ya jamii hapa Kisumu, na akatangaza redioni kwa Dholuo. Aliandika vitabu kwa Dholuo pia, kikiwemo Miaha cha 1983, na mwaka huohuo akateuliwa mbunge. Mwaka wa 1985 Gem ilimchagua katika uchaguzi mdogo, na akawa waziri msaidizi wa utamaduni na huduma za jamii. Alifariki Machi 18, 2015, akiwa na miaka 84.

Ukipanga hizo kazi zote mstari mmoja, unaweza kusema alikuwa mtu wa kuhamahama. Lakini ziangalie tena. Redioni, kwenye vitabu, mikutanoni Gem, alikuwa akifanya kile ambacho nesi hufanya kati ya mlango na benchi: kuchukua jambo zito na kulieleza kwa lugha ambayo mwenye hofu anaielewa.

Kwa hivyo kama wewe uko chuo cha uuguzi mwaka huu, dakika tano za kuongea na shangazi mwenye thamosi ni sehemu ya kazi, zihesabu. Na kama wewe ndiwe uko kwenye benchi, iwe Maseno ama ile hospitali ya Kisumu ambayo wazee bado wanaiita Russia, usikae na hofu yako kimya. Inuka, umsalimie nesi, uulize mgonjwa wako anafanyiwa nini na kwa nini. Una haki ya kujua. Na ule uji, muulize kwanza.