Jina la Bikila Lilivyogeuzwa Kiatu

Juma lililopita hapa Kaptembwo, mwanafunzi wangu mmoja alijiondoa katika mbio za masafa marefu. Sababu yake ilikuwa kwamba hakuwa na viatu vya aina anayoiona katika matangazo ya televisheni, yale ambamo wanariadha mashuhuri hupanda milima huku wakitabasamu. Sikumkemea. Nilimketisha nikamsimulia maisha ya Abebe Bikila. Leo nawasimulia ninyi pia, walimu wenzangu na wanafunzi, maana kisa hiki kina mkia mrefu kuliko tunavyokifundisha.

Bikila alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, Ethiopia. Alipokuwa mtu mzima alijiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, akanolewa na mkufunzi Onni Niskanen kutoka Sweden. Katika michezo ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960, viatu alivyopata havikumfaa. Akaamua kukimbia kama alivyozoea mazoezini, yaani miguu mitupu.

Jioni ya Septemba 10, Bikila alizimaliza kilomita 42 za lami na mawe kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia marathoni kwa kasi kuliko hiyo. Njiani alipita mnara wa Axum, ambao utawala wa Mussolini uliupora kutoka nchini mwake. Askari wa taifa lililovamiwa na Waitaliano aliuteka mji wao bila bunduki wala kiatu.

Penye asali nyuki hawakosi. Mwaka 1961 Bikila alikwenda Japani kushiriki marathoni ya Osaka. Huko mtengenezaji wa viatu Kihachiro Onitsuka alimrai mpaka akakubali kuvaa viatu vyake, na akashinda. Mwaka 1964 mjini Tokyo, majuma machache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, alishinda tena, safari hii akiwa na viatu vya Puma. Akawa mtu wa kwanza kutwaa marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Je, miguu ile ilimtajirisha kwa matangazo ya biashara? La hasha! Kanuni za Olimpiki za zama zile zilitaka mwanariadha awe wa ridhaa, na aliyelipwa ili kutangaza bidhaa alihatarisha nafasi yake mashindanoni. Mwenye kampuni aliweza kuvuna shamba zima, ilhali mkimbiaji alikatazwa hata kuokota masazo.

Mnamo Machi 1969 gari la Bikila lilipata ajali, akapooza kuanzia kiunoni. Hata hivyo hakukata tamaa. Mwaka uliofuata alishindana kwa upinde na mshale huko Stoke Mandeville, Uingereza, akiwa katika kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973 akiwa na umri wa miaka 41, na mfalme mwenyewe akahudhuria mazishi yake.

Hapo ndipo vitabu vyetu hukomea. Lakini mwaka 2010 kampuni ya Vibram, ya Italia, ilitoa viatu vyepesi vyenye vidole, vya kumpa mvaaji hisia ya kukimbia peku, ikaviita Bikila. Familia ya marehemu ilishtaki nchini Marekani mwaka 2015. Mwaka uliofuata mahakama iliitupa kesi, ikiona kwamba jamaa walikuwa wamejua habari hiyo kwa miaka kadhaa na wakachelewa kudai.

Leo kanuni zimebadilika. Eliud Kipchoge ametangaza magari ya Isuzu na viatu vya Nike bila kuvunja sheria yoyote, na ni haki yake kula jasho lake. Lakini sisi tunaowalea wakimbiaji katika Bonde la Ufa huwafundisha namna ya kukimbia tu. Ni nani anayewafundisha kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, au kulilinda jina kama wanavyolilinda shamba?

Mwanafunzi wangu aliposikia kisa hicho aliniuliza watoto wa Bikila walipata nini kutokana na viatu vile. Nilimweleza habari za kesi. Alinyamaza kidogo, kisha akaomba jina lake lirudishwe katika orodha ya wakimbiaji.