Leonhard Euler, Bingwa wa Hesabu

Hapa Rwamgasa nimeona mara nyingi mpira laini wa pampu ukinywea maji yavutwapo kutoka shimo la dhahabu. Mshipa wa damu nao hutanuka na kunywea. Aliyetangulia kuandika kanuni za mwendo huo ni Euler, mzaliwa wa Basel, Uswisi, mwaka 1707. Alifanya kazi Petersburg na Berlin. Mwaka 1766 alirudi Urusi, akapofuka, lakini aliendelea kukokotoa kichwani, wengine wakimwandikia. Mwaka 1775 alitunga kanuni hizo, akakiri kwamba kuzifumbua kumemshinda. Alifariki mwaka 1783. Zilichapwa mwaka 1862. Leo kompyuta hugawa mshipa vipande vidogo na kukokotoa kila kimoja. Namheshimu kwa kutoficha lililomshinda. Waliofuata walijua pa kuanzia.