Apolo Kivebulaya, mjenzi wa Boga

Hapa Ituri jina la Apolo Kivebulaya linajulikana zaidi kanisani kuliko darasani. Waanglikana humkumbuka kila tarehe 30 Mei, siku aliyofariki mwaka wa 1933 huko Boga, kilomita 100 hivi kusini mwa Bunia. Mimi ni mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, na ninayaleta maisha yake katika jarida letu kwa sababu alifanya kazi mbili ambazo kwetu zimezoea kutenganishwa: alijenga nyumba kwa mikono yake, na alifundisha watu kusoma. Nadhani ya kwanza inasaidia kuielewa ya pili.

Alizaliwa mnamo 1864 huko Kiwanda, katika jimbo la Singo, Buganda. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda akaitwa Waswa, jina la pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Ujana wake uliangukia katika miaka ya vita vya dini vilivyoitikisa Buganda kuanzia 1888. Alipitia katika Uislamu na katika uaskari kabla ya kubatizwa mwaka wa 1895 na kuchukua jina la Apolo.

Jina la pili ni la utani, na linastahili kusimamishwa kidogo. Alikuwa na koti jekundu la kijeshi ambalo alilivaa juu ya kanzu, na watu wakamwita kwa Kiganda kile kinachotoka Ulaya: ki-va-e-Bulaya. Kiambishi ni cha ngeli ya vitu, kwa hiyo utani wenyewe umo ndani ya sarufi, maana mtu amesemwa kama bidhaa. Bulaya nayo ni neno letu Ulaya, lililotoka katika Kiarabu wilaya, likaingia Kiswahili, likapanda bara pamoja na misafara ya biashara, na Waganda wakaliongezea kiambishi chao cha bu-. Mtu ambaye hakuwahi kukaa Ulaya alizikwa na jina hilo, na jina lenyewe linaonyesha njia ambayo Kiswahili kilipita kabla ya kufika kwetu.

Apolo alikwenda Toro mwaka huohuo wa 1895 akiwa mwalimu wa dini. Mwishoni mwa 1896 alivuka mto Semliki na kufika Mboga, ambako leo tunakuita Boga. Walimu wawili Waganda walikuwa wamemtangulia, nao walishindwa. Chifu Tabaro aliwakataza watu wasiwape chakula, na njaa ikawarudisha walikotoka. Apolo alipokutana na ugumu uleule alishika jembe akalima shamba lake. Tendo hilo ni dogo, lakini lilibadilisha hali yake. Mgeni anayelishwa anaweza kufukuzwa kwa kunyimwa chakula. Mtu mwenye shamba amekwisha kuwa jirani.

Kisha akajenga. Sisi wa Bunia tunaijua nyumba ya potopoto: nguzo, fito, kamba za kufungia, udongo wa kukandika, nyasi za kuezekea. Makanisa ya kwanza ya Boga na Toro yalikuwa ya jamii hiyo, ya miti, matete na nyasi. Nyumba ya namna hiyo haimalizwi na mtu mmoja. Kuna wanaokata matete, wanaobeba nyasi, wanaochota maji ya udongo. Tena haimaliziki kabisa, kwa sababu mvua na mchwa huila, na baada ya miaka michache paa hutaka nyasi mpya. Anayeijenga anajifunga kwa watu watakaomsaidia kuitunza.

Ujenzi huohuo karibu ulimwangamiza. Katika kazi ya kukusanya matete na nyasi, mwanamke wa ukoo wa chifu alianguka juu ya mkuki wa Apolo uliokuwa umelazwa majanini, akafa. Tabaro alimshtaki kwa mauaji. Apolo alipigwa, akafungwa, akapelekwa Toro mbele ya mkuu wa Waingereza. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba katika siku hizo za mateso alimwona Yesu akiwaka kama jua na kumtia moyo. Aliachiliwa, na angeweza kubaki Toro bila mtu yeyote kumlaumu. Alirudi Boga. Tabaro, aliyekuwa amemtia kifungoni, alikuja kubatizwa na kuitwa Paulo.

Alipata kuwa shemasi mwaka wa 1900 na kasisi mwaka wa 1903, na kwa miaka mingi alifanya kazi sehemu mbalimbali za Toro. Wakati huo wakoloni walikuwa wakibishana juu ya mpaka. Boga ilihesabiwa kuwa upande wa Waingereza, mpaka makubaliano ya 1910 yalipoiweka upande wa Wabelgiji. Mto aliouvuka akiwa mwalimu kijana uligeuka kuwa mpaka wa makoloni mawili. Hata hivyo katikati ya muongo uliofuata alirudi Boga, akakaa huko mpaka kifo chake.

Kuhusu familia yake, maneno ni machache. Alioa akiwa kijana, mke wake akafa, naye hakuoa tena. Katika nchi ambamo mtu huhesabiwa kwa watoto wake, huo ulikuwa uamuzi mzito. Lakini boma lake halikuwa tupu. Vijana walikaa naye, wakilima, wakisoma, wakitumwa vijijini kufundisha, na hao ndio waliokuwa uzao wake. Kazi ya Boga baada yake ilibebwa na watu aliowalea.

Sasa nije kwenye lugha. Wale waliofuata dini mpya Buganda waliitwa abasomi, wasomaji, kwa kitenzi kilekile tunachokitumia katika Kiswahili. Kuamini na kusoma vilikuwa kitu kimoja. Lakini kusoma kwa lugha gani? Apolo alipofika Boga mwaka wa 1896, vitabu vilivyokuwapo vilikuwa vya Kiganda, na Biblia nzima ya Kiganda ndiyo kwanza ilikuwa imepatikana mwaka huohuo. Kinyoro kilikuja baadaye kidogo. Sarufi ya H. E. Maddox ilitoka mwaka wa 1902, na tafsiri za Maandiko zikafuata. Kihema cha Boga kiko karibu sana na Kinyoro, kwa hiyo Kinyoro kikawa lugha ya ibada na ya shule. Kwa Wahema wa Boga mlango ulikuwa wazi. Kwa majirani zao wengi ulibaki umefungwa nusu.

Ninaamini Apolo aliliona jambo hilo. Kuanzia mwaka wa 1921, akiwa karibu na umri wa miaka 60, aliingia msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani zao wengi waliwadharau. Hakuwangoja waje Boga wajifunze Kinyoro. Alikaa nao, akajifunza usemi wao, akatafsiri Injili ya Marko. Mwaka uliofuata, 1922, alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, heshima kubwa kwa Mwafrika wa wakati ule, lakini mahali pake paliendelea kuwa ukingoni mwa msitu.

Lugha aliyoitafsiria iliitwa Lumbuti. Hapa mwanaisimu hana budi kuinua mkono. Kiambishi lu- ni cha Kiganda na Kinyoro, na kinachukulia kwamba kila watu wana lugha yao moja. Wambuti wa Ituri hawako hivyo. Waefe husema lugha iliyo karibu na Kilese, ambayo si ya Kibantu. Wengine husema Kibila, ambacho ni cha Kibantu. Waasua wana lugha yenye undugu na Kimangbetu. Lumbuti basi ni jina lililotolewa na mgeni, kama Kivebulaya lilivyokuwa jina la utani. Sababu hiyo hainipunguzii heshima kwa kazi yenyewe. Kwa wakati wake watu wachache sana walifikiri kwamba usemi wa Wambuti unastahili kuandikwa, na yeye aliuandika akiwa mzee, tena bila kufundishwa isimu na mtu yeyote.

Baada yake kanisa la Boga lilibaki na Kinyoro kwa miaka mingi. Lilipopanuka, na dayosisi ya Boga-Zaire ikaanzishwa mwaka wa 1972, Kiswahili ndicho kilichowabeba waumini kati ya makabila. Wapo watakaosema kwamba hilo linamaliza hoja: tupate lugha moja, tutakaa pamoja. Ituri imetufundisha vingine. Wahema wa Djugu husema Kilendu, lugha ileile ya Walendu, na vita vya 1999 hadi 2003 havikuzuiwa na kusikilizana huko. Mtu anaweza kukuelewa kila neno na bado akakuchomea nyumba.

Ndiyo maana nasema ujenzi wake unaeleza ufundishaji wake. Lugha ilimfungulia mlango, lakini kilichomfanya akubalike ni jembe, matete, kurudi baada ya kifungo, na kukaa. Sisi wa kitivo hiki tunakwenda vijijini na orodha ya maneno 200 na kinasa sauti, tunamaliza kwa wiki mbili, tunarudi Bunia na kazi ya kumalizia masomo. Wazee waliotusemea hubaki bila hata nakala moja. Sidhani kila mtafiti anapaswa kuhamia msituni. Nadhani anapaswa kujibu swali ambalo Apolo alilijibu kwa jembe: hapa mimi ni nani kwenu, na nitarudi lini?

Nyumba alizozijenga kwa nyasi zimekwisha zamani. Hata majengo ya kudumu hayana usalama. Mwezi Juni 2021 watu wenye silaha waliipora na kuichoma moto hospitali ya Boga, na familia nyingi zilikimbia. Apolo aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kinyume na desturi ya kwao, ili watakaobaki wajue kazi inaelekea wapi. Kaburi lake liko Boga.