Otto Jespersen na kitenzi kisichomtaja mtenda

Wenzetu wa Idara ya Kiingereza hukutana na jina la Otto Jespersen mapema, mara nyingi chini ya ukurasa, katika maandishi madogo. Mimi nasomea lugha za Kiafrika, nami nilimfikia kwa mlango mwingine: nilikuwa natafuta nani amewahi kueleza kitu kinachofanana na kauli yetu ya kutendeka katika lugha isiyo ya Kibantu. Nilichopata ni maisha marefu ya mtu wa nchi ndogo aliyeandika mojawapo ya sarufi kubwa kuliko zote za Kiingereza, lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Nina ugomvi naye pia, lakini nianze na mtu mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 16 Julai 1860 mjini Randers, Denmark, katika ukoo wa wanasheria. Alifiwa na baba, kisha na mama, akiwa bado mtoto. Alipokuwa shuleni aliingia katika vitabu vya mjomba mmoja, akasoma kazi za Rasmus Rask, mtaalamu wa lugha wa nchi yake, na sarufi za Kihispania na Kiitaliano. Hata hivyo mwaka 1877 alipoingia Chuo Kikuu cha Copenhagen aliandikishwa sheria, kama ukoo ulivyotaka. Alivumilia miaka 4. Mwaka 1881 aliziacha sheria akageukia lugha, na ili apate cha kula alifanya kazi bungeni, akiandika hotuba za wabunge kwa hati mkato.

Kazi hiyo ya bungeni mimi naipa uzito kuliko waandishi wengi wanavyoipa. Mtu wa hati mkato hana nafasi ya kusahihisha. Anaandika kinachotoka kinywani mwa msemaji, wala si kile ambacho mwalimu wa Kilatini angependa kitoke. Wakati huo lugha za Ulaya zilifundishwa kwa kupimwa na Kilatini, na kila ambacho Kilatini hakina kilihesabiwa kosa. Jespersen alijiunga na vijana waliotaka kuanza na sauti na mazungumzo. Aliandikiana na Paul Passy wa Ufaransa, aliyeanzisha mwaka 1886 chama cha walimu ambacho baadaye kilitoa alfabeti ya fonetiki ya kimataifa, ile tunayoitumia hadi leo kuandika toni zetu. Wazo la kuwa na alfabeti moja kwa lugha zote lilipendekezwa na Jespersen katika barua kwa Passy.

Mwaka 1887 alimaliza digrii yake, na somo kubwa lilikuwa Kifaransa. Alisafiri Uingereza, Ujerumani na Ufaransa, akakutana na Henry Sweet, kisha mwalimu wake Vilhelm Thomsen akamshauri ashike Kiingereza, kwa sababu kiti cha profesa wa Kiingereza kule Copenhagen kilikuwa karibu kuachwa wazi. Alitetea tasnifu yake mwaka 1891, akapata kiti hicho mwaka 1893, akakikalia hadi 1925. Kati ya hapo alifundisha pia Marekani, na kwa muda alikuwa rekta wa chuo chake.

Kazi kubwa ya maisha yake ni sarufi ya Kiingereza cha kisasa katika mabuku 7. La kwanza lilitoka 1909. Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya kusoma riwaya, tamthilia, barua na magazeti, na kunakili kila sentensi yenye jambo kwenye kijikaratasi. Vijikaratasi hivyo vilijaa makasha na makasha. Kanuni ilikuja mwishoni, baada ya mifano.

Ndipo tunapofika kwenye kauli ya kutendwa. Mwaka 1918 huko Marekani, William Strunk alichapisha kitabu kidogo cha kuwafundisha wanafunzi kuandika, akahimiza kauli ya kutenda. Tangu hapo walimu wengi wa Kiingereza wameiona kauli ya kutendwa kama ugonjwa wa sentensi. Jespersen hakuleta dawa. Aliuliza watu wanaitumia kwa nini. Katika kitabu chake cha 1924 kuhusu falsafa ya sarufi alieleza kwamba wanafunzi wake waliwahi kuhesabu sentensi za namna hiyo kwa waandishi mbalimbali, na zaidi ya asilimia 70 hazikumtaja mtenda kabisa. Kwa hiyo somo la shuleni, lile la kugeuza «Mbwa alimuuma mtoto» kuwa «Mtoto aliumwa na mbwa», linafundisha matumizi ya wachache. Katika Kiingereza cha kila siku mtu husema kwamba baiskeli yake imeibwa na kunyamaza. Hamjui mwizi, au kila mtu anamjua, au si busara kumtaja, au anayehangaikiwa hapa ni mwenye baiskeli. Na pengine umbo hilo linachaguliwa ili sentensi iungane vizuri na ile iliyotangulia. Hizo ndizo sababu alizozitoa, kwa maneno yangu.

Mtu wa Lubumbashi haoni ajabu. Sisi mtaani tunasema «balimupiga» na hakuna anayeuliza hao «ba» ni nani. Si wingi wa kweli. Ni mlango uliofungwa mbele ya mtenda. Lingala nayo inafanya vivyo hivyo. Kifaransa kina «on». Kiingereza hakina kijineno kilichozoeleka kiasi hicho, kwa hiyo mzigo mkubwa unabebwa na kauli ya kutendwa. Anayemkataza Mwingereza kauli hiyo anamnyang'anya «ba» yake.

Jambo la pili linatuhusu zaidi, kwa kuwa katika shule zetu Kiingereza kinapita kwanza kwenye Kifaransa. Mwingereza husema «I was given a book» bila kufikiri. Walikuwapo wanasarufi walioona sentensi hiyo ni mbovu: kilichotolewa ni kitabu, mtu ametolewaje? Jespersen aliitetea. Alionyesha kwamba binadamu anapenda kuanza na binadamu, na kwamba mpokeaji alipanda polepole, karne baada ya karne, hadi akawa kiima. Kifaransa kwa kawaida hakimruhusu mpokeaji wa kitu kupanda hivyo, ndiyo maana mwanafunzi wetu anayetafsiri kutoka Kifaransa anakwama. Lakini akiwa mtoto alikwishasema «nilipewa kitabu». Kiswahili kina njia hiyo, tena imenyooka. Nimejaribu kuifundisha hivyo kwa vijana wa sekondari ninaowasaidia jioni: waache Kifaransa pembeni kwa dakika tano, waanzie kwenye «nilipewa», «niliambiwa», «nilionyeshwa». Wanacheka kwanza, halafu wanaandika. Mwalimu anayewakataza Kiswahili darasani anawaficha ngazi iliyo nyumbani kwao.

Jambo la tatu ndilo lililonileta kwake. Katika buku la tatu, la 1927, alikusanya sentensi ambazo umbo la kitenzi ni la kutenda na maana inaelekea kutendwa: kitabu kinachouza vizuri, nyama inayokata kirahisi, kitambaa kinachofua bila tabu. Nimezitafsiri neno kwa neno makusudi, msikie jinsi zinavyolia vibaya. Sisi tungesema kinauzika, inakatika, kinafulika. Kiingereza hakina -ika, kwa hiyo kinaacha kitenzi kilivyo na mara nyingi kinaongeza neno kama «well» au «easily» ili msikilizaji ajue kwamba tunasifu tabia ya kitu chenyewe. Jespersen aliliona hilo, akaliundia jina lake, akalitenga na vitenzi vingine vinavyofanana nalo, kama kile cha jiwe linalobingirika lenyewe au linalobingirishwa na mtu. Kwa Kiswahili tofauti hizo zinasikika katika viambishi. Yeye alizitafuta katika lugha isiyo na viambishi hivyo, kwa maana na kwa mifano tu, na kazi ya namna hiyo ni ngumu.

Sasa ugomvi. Mwaka 1894 alitoa kitabu kuhusu maendeleo ya lugha, na hoja yake ni kwamba lugha inapopoteza viambishi inakwenda mbele. Kiingereza kilikuwa mfano wake wa lugha iliyofika mbali. Kama mfano wa mzigo ambao lugha nyingine bado zinabeba, alitumia upatanisho wa Kibantu, kwa sentensi za Kizulu zilizotoka katika kazi ya W. H. I. Bleek. Aliona kiambishi kinarudiwa kwenye nomino, kivumishi na kitenzi, akaona ni kujirudia kusiko na faida. Hakuisikia lugha hiyo ikisemwa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mojawapo ya sentensi hizo, inayomhusu mtu mzuri wa sura, ina kitenzi ambacho ni ndugu wa «onekana» yetu. Si «ona», si «onwa»: onekana. Kitenzi chenye mwisho unaofanya kazi ileile atakayoitafuta miaka 33 baadaye katika Kiingereza, kimekaa mbele ya macho yake, naye anahesabu viambishi vya mbele. Aliyewakatalia wengine kupima Kiingereza kwa Kilatini alitupima sisi kwa Kiingereza. Hoja hiyo ya maendeleo aliirudia mwaka 1922.

Simfukuzi kwa sababu hiyo. Mbinu yake ninaitaka, na ninaitaka kwa lugha zetu: vijikaratasi vya «balimupiga» kutoka sokoni, redioni na kanisani, kabla ya kanuni yoyote. Kazi hiyo kwa Kiswahili cha Kongo bado ni kubwa, na anayetoka nje ya lugha anaweza kuifanya kama Jespersen alivyofanya, ilimradi asikilize.

Miaka ya mwisho aliishi Helsingør, katika nyumba iitwayo Lundehave, akiendelea na mabuku yake. Alijaribu pia kutunga lugha ya kimataifa, Novial, mwaka 1928. Haikupata wasemaji wa kutosha. Mwaka 1936 aliongoza mkutano wa kimataifa wa wanaisimu uliofanyika Copenhagen. Ujerumani ilipoivamia Denmark mwezi wa nne 1940 alikuwa karibu na miaka 80. Buku la tano lilitoka mwaka huohuo, la sita mwaka 1942. Alikufa tarehe 30 Aprili 1943, nchi ikiwa bado imekaliwa. La saba lilikamilishwa na msaidizi wake, Niels Haislund, kutokana na karatasi alizoziacha, likachapishwa 1949.