Mary Leakey: Alitimuliwa shule mbili, akaja kusoma mawe ya Rusinga na Mfangano

Kama umewahi kufukuzwa shule, ama uliacha chuo kama mimi na kila harusi ya ukoo shangazi anakuuliza utarudi lini kumaliza, kaa hapa kidogo nikusimulie habari za mwanamke mmoja.

Mary Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Babake alikuwa mchoraji, na familia ilihamahama naye. Kule Ufaransa mtoto akaonyeshwa mapango ya watu wa kale, na tangu siku hizo akanasa. Kisha 1926 baba akafariki, Mary akiwa na miaka 13. Mama akampeleka shule za watawa. Moja ikamtimua kwa kukataa kukariri mashairi. Nyingine ikamtimua baada ya kusababisha mlipuko kwenye maabara. Cheti hakutoka nacho.

Lakini usidhani alikaa nyumbani kulala. Alihudhuria mihadhara ya akiolojia na jiolojia London, akajiunga na wachimbaji, na mkono wake wa kuchora zana za mawe ukampa kazi. Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumchorea kitabu. Wakaoana 1936, na maisha yake yakahamia huku kwetu.

Sasa twende ziwani. Ukipanda boti Mbita kwenda Mfangano, unapita Rusinga. Karibu miaka milioni 18 iliyopita ziwa hilo halikuwepo. Kulikuwa na volkeno iitwayo Kisingiri. Mabaki yake ndiyo vilima vya Gwasi unavyoviona leo, na visiwa hivi viwili vilikuwa mteremko wake.

Elewa hivi: mnyama akifa porini, fisi anakuja, jua linapiga, mvua inamalizia, na baada ya miaka michache hakuna kitu. Ili mfupa ubaki, lazima ufunikwe haraka. Kisingiri ilimwaga majivu, tena yenye chokaa nyingi. Majivu yakafunika mifupa, maji yenye madini yakapenya polepole, na mfupa ukageuka jiwe. Hicho ndicho kisukuku. Majivu hayo yalihifadhi hata matunda, mbegu na wadudu, ndiyo maana tunajua kwamba hapa palikuwa na msitu. Mamilioni ya miaka baadaye, mvua inakwangua udongo na jino linachungulia nje.

Tarehe 2 Oktoba 1948, kisiwani Rusinga, Louis alikuwa ameinamia kisukuku cha mamba. Mary hakuwa na haja na mamba. Akajiendea zake mteremkoni, akaona vipande vya mfupa, kisha jino. Kumbe ni kichwa cha sokwe wa kale aliyeitwa Proconsul, na uso wake ulikuwa karibu kamili. Vipande vingine vilikuwa vidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Akaviunganisha kimoja kimoja kwa subira, halafu akakipeleka mwenyewe Uingereza kwa ndege. Ugunduzi huo ukawaletea pesa za kuendelea na kazi visiwani, Mfangano ikiwemo.

Hakuishia hapo. Mwaka 1959, huko Olduvai, Tanzania, aliona fuvu la Zinjanthropus wakati Louis akiwa mgonjwa kambini. Mwaka 1978, kule Laetoli, kikosi chake kikafukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkeno miaka milioni 3.6 iliyopita.

Lakini kuna jina lingine ambalo lazima ulijue: Heslon Mukiri, Mkenya aliyejuana na Louis tangu utotoni Kabete, akachimba naye miaka mingi. Sifa za magazetini zilienda kwa Leakey. Ilibidi isubiriwe 1993 ndipo sokwe mmoja wa visiwa hivi akaitwa Proconsul heseloni kwa heshima ya Mukiri. Mwaka 2015 sokwe hao wakabadilishiwa jina la kwanza, sasa wanaitwa Ekembo. Hilo ni neno la Kisuba, lugha ya wenyeji wa Mfangano, na maana yake ni sokwe. Yaani mwanasayansi popote duniani akimtaja huyo mnyama, lazima aseme Kisuba.

Mary alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996, akiwa na miaka 83. Vyuo vikuu vilikuwa vimempa shahada za heshima, yeye ambaye hakuwahi kumaliza shule.

Nitakuambia ukweli. Nilianza kuandika haya nikitafuta jibu la kumpa shangazi. Sasa naona halitanisaidia, maana Mary alisoma zaidi baada ya kufukuzwa kuliko mimi nilivyosoma nikiwa darasani. Karatasi hakuwa nayo, ila kazi aliijua. Wewe je, tangu uache, umejifunza nini?