Sheikh Kaluta Amri Abedi: Akili na Haki

Ndugu msomaji, wako watu wadhanio kwamba aingiaye katika dini hana budi kuiacha akili yake mlangoni. Yatazame maisha ya Sheikh Kaluta Amri Abedi, ndipo uhukumu.

Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akasoma Tabora. Huko aliyapata mafundisho ya Masihi Aliyeahidiwa a.s. kwa mbashiri Sheikh Mubarak Ahmad. Ahmadiyya ilipingwa vikali mjini humo, wala kijana hakuwa na faida ya dunia katika kujiunga nayo. Alizipima hoja, akaziona kuwa kweli, akazikubali.

Kisha alishiriki katika tafsiri ya Qurani Tukufu kwa Kiswahili, iliyotolewa na Jumuiya yetu mwaka 1953. Kabla yake tafsiri kamili ilikuwa ile ya padre Godfrey Dale ya mwaka 1923. Mwislamu asiyejua Kiarabu sasa aliweza kusoma tafsiri ya Waislamu wenzake, akaufikiri mwenyewe ujumbe aliokuwa akiukariri tu. Baadaye alikwenda Rabwah, Pakistan, kuzidisha elimu ya dini. Alikuwa pia mshairi, na hata ushairi aliuandikia kanuni zake.

Mwaka 1960 alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na mwaka 1963 Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Hapa, ewe msomaji wa Kibakwe, maisha yake yanakugusa. Zamani za ukoloni, mzee wa kwenu mwenye daawa ya shamba au ng'ombe alikwenda katika baraza la wenyeji, ambamo mtawala mara nyingi ndiye aliyekuwa hakimu. Ilhali Mzungu alikuwa na mahakama nyingine. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963, iliyopitishwa Sheikh Amri akiwa Waziri, iliweka utaratibu mmoja kwa watu wote: Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, na Mahakama Kuu. Mahakama ya Mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili. Na mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote nchini.

Je, huoni kwamba kazi ya mfasiri na kazi ya waziri zilikuwa na shina moja? Asiyeifahamu hukumu hawezi kujua kama ametendewa haki, kama vile asiyeifahamu amri ya Mungu hawezi kuitii kwa moyo wake wote. Qurani Tukufu inamtaka mwenye kuamini asimame upande wa haki hata ikiwa dhidi ya nafsi yake au wazazi wake. Nani atajihukumu mwenyewe, ikiwa amekatazwa kufikiri?

Sheikh Amri alifariki Ujerumani mwezi Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Uwanja wa michezo wa Arusha una jina lake.

Basi wewe unayeichunguza Ahmadiyya, usiikubali kwa kuwa rafiki yako ameikubali, wala usiikatae kwa kuwa jirani anaitukana. Sikiliza pande zote mbili kama hakimu mwadilifu, kisha uombe uongozi wa Mwenyezi Mungu. Yeye atujalie sote kuijua kweli na kuifuata. Amin.